Alhamisi tunapimwa afya kazini, na presha yangu nimeificha miaka miwili

DEREVA WA FOKO
Jumamosi, saa 4 usiku

Ndugu zangu, habari za wikendi. Uzi utakuwa mrefu, mnivumilie. Nimeuandika vipande vipande tangu jana nikiwa kwenye taksi.

Naendesha foklifti, ile gari ya kunyanyulia mizigo, kwenye stoo ya mabati, eneo la viwanda la Namanve hapa Uganda. Mwaka wa 9 sasa. Jana asubuhi tumekuta karatasi imebandikwa pale tunapogonga kadi: wote wanaoendesha mitambo inayotembea, na wote wa mashine za kukata, watapimwa afya Alhamisi kuanzia saa 2 asubuhi. Macho, masikio, mapafu, presha, mkojo, damu. Chini yake mtu kashaandika kwa kalamu: "Kwaherini wazee." Tukacheka wote. Mimi nilicheka kuliko wote, maana nilikuwa na cha kuficha.

Nina presha. Niligundua miaka miwili iliyopita, kwa bahati tu, kwenye duka la dawa pale Bweyogerere nilikokwenda kutafuta dawa ya kikohozi cha mtoto. Nikaanza amlodipini. Nanunua mwenyewe, nameza mwenyewe kila usiku, vidonge nimevitia kwenye mfuko wa miwani. Kazini hajui mtu. Halafu sikio la kushoto linapiga mluzi, hasa nikilala, kama nyenje aliyeingia ndani akakosa mlango.

Tumepewa fomu ya kujaza nyumbani. Swali la saba: "Je, unatumia dawa yoyote kila siku?" Visanduku viwili, ndiyo na hapana. Nimeitazama fomu hiyo kutoka Namanve mpaka Seeta, konda akanidai nauli mara mbili sijamsikia.

Leo nimefanya upuuzi. Asubuhi nikapima: 158 kwa 96. Nikaogopa, nikatafuna punje nne za kitunguu saumu, mchana nikarudi: 164 kwa 100. Jioni 171 kwa 102, na yule binti wa duka la dawa akaniambia, "Ssebo, nenda ukalale. Hizi elfu mbili mbili zako naona haya kuzipokea."

Mwezi uliopita foklifti ya mwenzetu iligonga nguzo. Hakuna aliyeumia, lakini tangu siku hiyo minong'ono ni mingi, eti wanataka vijana. Nina watoto watatu shuleni na mkopo wa sako, chama chetu cha akiba na mikopo, haujafika nusu. Kazi ninayoijua ni foklifti, nyingine sina.

Niweke alama kwenye "hapana"? Niache dawa siku hizi tano zisionekane kwenye damu? Aliyepitia anisaidie.

TANBOI WA MALABA

Kaka weka hapana ulale. Kwetu jamaa alijaza ndiyo, mkataba ulipoisha haukuongezwa, na hakuna aliyemwambia kwa nini. Hawa watu hawapimi ili wakutibu. Mkojo kama unakusumbua niambie, wangu ni safi, bei tutaelewana.

MUSAWO WA ZAMU

Dereva, nimesoma yote. Mimi ni nesi, na upimaji wa namna hii nimeufanya viwandani miaka kadhaa. Ngoja nikupunguzie joto.

Kwanza acha kupima. Presha hupanda ukiiogopa, na wewe leo umeiogopa mara tatu. Wako watu wengi tu ambao nyumbani wako sawa, wakimwona mwenye koti jeupe inaruka. Ndiyo maana kipimo kimoja hakimhukumu mtu. Alhamisi, nusu saa kabla, usinywe kahawa wala chai ya majani wala kuvuta sigara. Pita msalani, kibofu kilichojaa nacho kinapandisha. Keti dakika tano, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili chini, usikunje nne, mkono ulale mezani usawa wa moyo, na usiongee. Ukiona nesi anafunga mkanda juu ya ovaroli, mwambie taratibu, "Musawo, nivue?" Na mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma juu kuliko ukweli. Namba ikiwa kubwa, omba warudie baada ya dakika chache. Hakuna nesi mzuri atakayekasirika.

Dawa USIACHE. Ukiacha leo, Alhamisi utafika na namba kubwa pamoja na fomu inayosema hutumii dawa. Daktari ataona nini? Mtu mwenye presha isiyotibiwa, anayeinua tani mbili za mabati juu ya vichwa vya wenzake. Mwenye presha inayotibiwa ni habari nyingine kabisa, na madereva wa hivyo wamejaa kazini. Tunachokihofia zaidi kwa mtu wa foklifti ni kuzimika ghafla: kifafa kisichodhibitiwa, sukari inayoshuka bila onyo, dawa za kuleta usingizi. Na macho, bila shaka.

Sikio: kipimo chake hufanywa sikio likiwa limepumzika, saa 14 mpaka 16 nje ya kelele. Ukitoka shifti ya usiku ukaingia moja kwa moja, utaonekana kiziwi kuliko ulivyo. Wiki ijayo uko shifti gani?

Utaratibu unaotakiwa ni huu: mwajiri anapelekewa jibu moja kati ya matatu. Anafaa, anafaa kwa masharti, au hafai kwa kazi hiyo kwa sasa. Jina la ugonjwa linabaki kwa daktari. Lakini utaratibu unaotakiwa na unaofanyika wakati mwingine ni ndugu wasiosalimiana, kwa hiyo siku hiyo, kabla ya kutia saini ya ridhaa, uliza: majibu haya anayasoma nani? Uliza kalamu ikiwa bado mkononi.

Mkojo wa Tanboi achana nao. Kama ana sukari asiyoijua, utaanzishiwa dawa za mtu mwingine.

MLINZI WA GETI

Musawo, samahani kwa kuingilia. Wakitoa damu, wanapima na VVU kimyakimya? Sisi wa ulinzi tulitolewa chupa tatu, hakuna aliyetuambia ni za nini.

MUSAWO WA ZAMU

Afande, hiyo hairuhusiwi kupimwa bila wewe kuelezwa na kukubali. Kila chupa iulizie kabla sindano haijaingia: hii ya nini, hii ya nini. Ni damu yako.

DADA WA MAUA

Niko shamba la maua upande wa Entebbe. Kwetu kupimwa ni jambo la kawaida kwa wanaopulizia dawa. Wanatazama kitu kwenye damu kinaitwa kolinesterasi. Baadhi ya dawa za kuua wadudu hukishusha, na kikishuka sana mishipa ya fahamu inachanganyikiwa. Mimi changu kilishuka mwaka jana. Kichwa kilikuwa kinaniuma, macho yanatoa machozi, nikidhani ni mafua ya mvua. Wakanitoa kwenye kupulizia wakanipeleka chumba cha kufunga maua mpaka damu irudi. Sikufukuzwa.

Ila niseme na hili ambalo Musawo ameliruka. Nyongeza ya wapulizaji, elfu 40 kwa mwezi, ilikatika siku ileile. Kwa hiyo wenzangu wanaficha. Kuna mmoja alikuwa akinywa lita nzima ya maziwa usiku wa kuamkia kipimo, eti yanasafisha damu. Hakuna anayeficha kwa sababu ni mjinga. Tunaficha kwa sababu ya elfu 40.

MUSAWO WA ZAMU

Nnyabo, hapo umenishika. Kweli nililiruka.

MZEE WA VITAMBAA

Wanangu, salaam. Nimestaafu, zamani nilikuwa mwakilishi wa wafanyakazi kwenye kiwanda cha nguo. Sheria nitaipitia haraka, kisha niwaambie jambo langu.

Sheria ya Ajira ya 2006 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa hali ya VVU au ulemavu, na sheria ya VVU na UKIMWI ya 2014 inalirudia hilo kwa waajiri. Afande, shika hilo. Rekodi za afya ni taarifa zinazolindwa kipekee na sheria ya ulinzi wa data ya 2019; si za kubandikwa ukutani wala za kusomewa watu kwenye foleni ya ugali na maharage. Ukiugua, mwezi wa kwanza unalipwa mshahara kamili. Mwezi wa pili ukiisha na wewe bado mgonjwa, hapo ndipo sheria inamruhusu mwajiri kuuvunja mkataba, tena kwa kukutimizia stahili zako. Akitaka kukuachisha kwa madai kwamba kazi imekushinda, lazima akueleze sababu kwa lugha unayoielewa, akusikilize, na una haki ya kwenda na mtu wako. Dereva wewe ni wa miaka 9: notisi yako ni miezi 2. Na ukiona umeonewa, miezi 3 isipite hujafika kwa afisa kazi wa wilaya. Wengi hukaa nyumbani wakiwalalamikia wake zao mwaka mzima, halafu ndipo wanakumbuka.

Sasa jambo langu. Nilifuma miaka 17. Ndani ya ukumbi wa mashine hakuna mtu anayemsikia mtu. Tulikuwa tukizungumza kwa midomo na vidole: vidole viwili mdomoni ni chai, kiganja kifuani ni supavaiza anakuja. Mtu angeweza kukusimulia msiba mzima wa kwao kwa mikono na wewe ukalia. Tukitoka saa 9 alasiri, masikio yamejaa pamba. Pamba ile ilikuwa inatoka usiku, asubuhi unasikia jogoo. Kisha ikawa inatoka Jumapili tu. Mwaka mmoja ikaacha kutoka.

Nilianza kugombana na watu. Mke wangu akinisemesha nikiwa nimempa mgongo simjibu, anadhani namdharau. Mwishowe akawa akinigonga goti kwanza, ndipo anaongea. Hadi leo hunigonga goti.

Nilipodai fidia, maana sheria ya fidia kwa wafanyakazi inayahesabu na maradhi yanayoletwa na kazi, niliulizwa swali moja tu: ulipoingia kazini ulikuwa unasikia? Mashahidi ninao: mama yangu, marehemu, na mwalimu wa kwaya kanisani. Karatasi sina. Hakuna aliyewahi kunipima, si siku ya kuingia, si siku nyingine yoyote. Wakasema ni uzee. Nilikuwa na miaka 41.

Dereva, karatasi unayoikimbia wewe ndiyo niliyoitafuta mimi miaka mitatu. Nenda ukapimwe, na usitoke pale bila nakala.

TANBOI WA MALABA

Mzee umenikalisha chini. Ile ya mkojo nilikuwa natania.

DEREVA WA FOKO
Alhamisi, saa 3 usiku

Nimerudi. Asanteni nyote, Mzee wangu hasa.

Jumatano nilikuwa usiku, kwa hiyo nilibadilishana na mwenzangu kama Musawo alivyonitahadharisha. Nimemlipa rolex mbili, zile chapati za mayai, na soda. Nimelala nyumbani, kimya, nyenje wangu sikioni.

Wamekuja na gari kubwa, ndani limegawanywa vyumba. Fomu nikaimalizia nje, nimeegemea pipa. Swali la saba nikaweka ndiyo. Nilibonyeza kalamu mpaka ikatoboa karatasi. Nikauliza anayesoma majibu ni nani. Yule nesi akainua macho, akasema wewe ni wa kwanza kuuliza leo, akanionyesha: kwa HR, ofisi ya wafanyakazi, inakwenda nusu ukurasa, nyingine zinabaki kwao.

Presha ya kwanza 162 kwa 98. Nikaomba nikae. Akaniwekea kiti karibu na feni. Ya pili 152 kwa 94, ya tatu 148 kwa 92. Si nzuri, lakini si ile 171 ya kitunguu saumu.

Mapafu unapuliza bomba kwa nguvu zako zote, na dada anakupigia kelele "Puliza puliza puliza bado bado!" kama mko mwisho wa mechi. Mara tatu. Nilipomaliza nikaona nyota. Yako sawa.

Sikio sasa. Unaingia kwenye kijumba kama kabati la nguo, wanakuvika visikizio, ukisikia mlio unabonyeza kitufe. Kulia nilikuwa nabonyeza tu. Wakahamia kushoto, pakawa kimya, nikadhani mashine imezimika. Nikachungulia kwenye kioo nikamwona yule dada bado anazungusha kitu, ananitazama. Hapo nikajua inalia.

Daktari alinionyesha mchoro. Mstari unatembea vizuri, ukifika hezi 4,000 unatumbukia bondeni, halafu unapanda kidogo. Akaweka kidole pale bondeni: hapa ndipo kelele hung'ata kwanza, ndiyo maana unawasikia watu wakiongea lakini maneno huyashiki. Kulia bonde ni dogo. Akauliza kama navaa vizibo. Nikasema ndiyo. Viwili? Ndugu zangu, mimi huvaa kimoja. Kushoto huacha wazi nisikie honi ya mwenzangu kwenye kona. Miaka 9.

Lakini lililonimaliza ni buti. Aliniambia nivue, akaniminya juu ya kifundo cha mguu kwa dole gumba, akahesabu, akaondoa kidole. Shimo likabaki.

"Miguu inavimba tangu lini?"

Nikamwambia haivimbi daktari, ni buti za kampuni, za siku hizi zinakuja ndogo. Mwaka jana navaa 42, sasa nimeomba 44.

Akanitazama kwa muda. "Amlodipini unameza miligramu ngapi?"

Kumi.

"Nani alikupandishia kutoka tano?"

Mimi mwenyewe.

Dawa ile inaweza kuvimbisha miguu, na ukiongeza kipimo uvimbe unaongezeka. Ningejua wapi, na sijawahi kuonana na mtu yeyote zaidi ya binti wa duka la dawa? Ameniandikia niende kliniki wanipangie upya, na akanikataza kujipunguzia mwenyewe nikifika nyumbani, maana alishaniona nikifikiria.

Jibu: ANAFAA KWA MASHARTI. Kipimo kirudiwe baada ya miezi 3, vizibo viwili muda wote, asifanye shifti ya usiku mpaka presha itulie.

MUSAWO WA ZAMU

Hongera. Mwombe supavaiza wako aangalie ile kona. Kelele ikifika desibeli 85 kwa saa 8, vizibo ni lazima, hilo lieleweke, lakini mtu asilazimike kuchagua kati ya sikio na kugongwa. Kioo cha pembeni pale konani na taa inayomulika juu ya foklifti vinasaidia. Na vifaa vya kujikinga ni juu ya mwajiri, usikubali kukatwa.

DADA WA MAUA

Hongera kaka. Usiku umeondolewa. Na nyongeza ya usiku je?

DEREVA WA FOKO
Jumatatu, saa 2 usiku

Dada, ulijuaje. Elfu 75 kwa mwezi, imeondoka. Leo nimeitwa HR. Yule mama akaniuliza kwa upole kabisa, "Kwani una ugonjwa gani?" Nikamjibu: karatasi inasema ninafaa kwa masharti, mengine yako kwa daktari. Moyo ulikuwa unapiga, ungenipima pale ungepata 200. Akasema sawa, akaandika kitu.

MZEE WA VITAMBAA

Umejibu vizuri, mwanangu. Sasa rudi kesho uombe kwa maandishi kwamba kutolewa usiku ni mpaka tarehe ya kipimo kingine, na tarehe yenyewe itajwe. Jambo la muda lisiloandikwa huzaa watoto.

DEREVA WA FOKO
Jumatano, saa 1 jioni

Nimepewa barua, tarehe imo. Elfu 75 bado inauma. Mke wangu ameshapunguza sukari kwenye chai, anasema ni kwa ajili ya presha.

Nimeomba pia faili langu la 2016 nilipoajiriwa. Kuna picha yangu nikiwa mwembamba na barua ya LC1, mwenyekiti wa kijiji. Kipimo cha sikio hakuna. Kwa hiyo kule nyuma kilichopotea kimepotea, Mzee, ila kuanzia sasa kuna pa kuanzia kuhesabu. Nakala ya ule mchoro wenye bonde iko kwenye bahasha moja na mkataba wa kibanja.

Kati yetu 31 hakuna aliyeachishwa mpaka leo. Wawili wametolewa kwenye mashine kwa muda. Mmoja ni kijana wa miaka 26, hasomi mstari wa tatu wa herufi, anasubiri miwani. Ndiye aliyeandika "Kwaherini wazee". Tumempa kazi ya kuhesabu mabati na tunamwita Mzee.

TANBOI WA MALABA

Na miguu?

DEREVA WA FOKO

Kliniki wamenibadilishia dawa juzi, wamesema uvimbe utashuka taratibu. Nimekwenda stoo kuwaambia pengine nitahitaji tena buti za 42. Mtunza stoo ameniuliza kama nataka na za mwaka kesho nichukue kabisa.